Je, Wajua? Kompyuta Isiyo na Diski Haifichi Tatizo Lake

Katika maabara nyingi za shule ziko kompyuta ambazo ukizifungua hutakuta diski ndani. Kuna prosesa, RAM kiasi na kadi ya mtandao, basi. Mfumo endeshi wote umekaa kwenye seva moja ya Linux, na kila asubuhi mashine hizo, ziitwazo kompyuta nyembamba, huuvuta kupitia waya. Siku zikigoma kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni mashine. Mara nyingi haina hatia yoyote. Kwa kuwa haina chochote cha kwake, kila hatua ya kuwaka kwake ni ombi linalopita kwenye waya, na ombi likipita kwenye waya unaweza kulisikiliza. Kwa maoni yangu hakuna kompyuta iliyo rahisi kuchunguzwa kuliko hii, mradi ujue inauliza nini na inamwuliza nani.

Je, wajua kwamba itifaki inayoibebea kompyuta nyembamba mafaili yake ya kwanza ilikuwapo tayari mwaka 1981? Ni TFTP, na waraka wake wa mwaka huo, RFC 783, uliandikwa na Karen Sollins wa MIT. Mwaka 1984 ikaja RARP, iliyoiwezesha mashine kuuliza swali moja tu: anwani yangu ya IP ni ipi? Septemba 1985 Bill Croft na John Gilmore wakatoa BOOTP, ambayo ilijibu pia maswali mawili zaidi: seva iko wapi, na nipakue faili gani? DHCP ya Ralph Droms, iliyotoka 1993, ilijengwa juu ya umbo lilelile la BOOTP. Ndiyo maana hata simu yako ikiomba anwani leo, pakiti yake bado ina nafasi ya baiti 128 iliyotengwa kwa jina la faili la kuwashia, ingawa simu haina haja nayo. Intel ikayaunganisha yote katika kanuni za PXE, ambazo toleo lake la 2.1 lilitoka 1999.

Je, wajua kwamba ile namba ndogo inayobaki kwenye skrini nyeusi inakuambia mashine ilikwama wapi? Wengi huiona, wakazima na kuwasha tena bila kuisoma. PXE-E61 maana yake kadi haioni waya kabisa: kichwa cha kebo kimelegea, swichi haina umeme, au poti imekufa. Ukiona PXE-E51, waya upo na mashine imeomba anwani, ila hakuna aliyejibu. Nenda kwenye seva ukaangalie kama huduma ya DHCP inafanya kazi, na kama inasikiliza kwenye kadi ya mtandao iliyo upande wa maabara. PXE-E32 ni habari nzuri kiasi: anwani imepatikana, jina la faili limepatikana, lakini TFTP haijibu. Na PXE-T01 inasema TFTP imejibu, ila faili lililoombwa halipo. Hapo kagua herufi moja moja, kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kagua njia ya folda, kwa sababu seva nyingi za TFTP huhesabu njia kuanzia ndani ya folda yao wenyewe, si kuanzia mzizi wa diski.

Namba iliyosumbua mafundi wengi zaidi ni PXE-E53, nayo inastahili nafasi yake. Maana yake: anwani nimepewa, jina la faili sikupewa. Sasa nani atatoa anwani bila jina la faili? Karibu kila mara ni ruta ya intaneti. Ruta ina DHCP yake, haijui habari za kompyuta nyembamba, na hujibu kila anayeuliza. Fungua tcpdump kwenye seva, isikilize poti 67 na 68, kisha washa mashine moja tu. Utaliona ombi la DHCPDISCOVER likitoka 0.0.0.0, maana mwenyewe bado hana anwani, likielekea 255.255.255.255, yaani kwa wote. Kisha tazama DHCPOFFER imetoka wapi. Kama seva yako ni 192.168.67.1 na jibu limetoka 192.168.1.1, umeshampata anayejibu badala yako. Kwenye swichi zinazopeleka pakiti moja kwa moja kwa mlengwa huenda usiione ofa ya ruta ukiwa kwenye seva, lakini ombi linalofuata la mashine, DHCPREQUEST, huenda kwa wote na ndani yake limeandikwa anwani ya seva iliyochaguliwa. Hapo hakuna pa kujificha.

Dawa si lazima iwe kuizima DHCP ya ruta, hasa kama ruta si yako na nywila huna. Kuna njia iitwayo proksi ya DHCP. Ruta inaendelea kugawa anwani kama kawaida, na seva ya Linux inaongeza neno lake pembeni: faili la kuwashia liko kwangu. Mashine ya PXE hupokea majibu yote mawili na kuyaunganisha. Programu ya dnsmasq ya Simon Kelley hufanya kazi hiyo kwa mistari michache ya usanidi, na LTSP ya sasa, mradi maarufu wa kuwashia kompyuta nyembamba kwa Linux, huiandaa hivyo yenyewe. Kwa shule iliyo na ruta ya kupewa, hii ndiyo njia ningeshauri kabla ya nyingine yoyote.

Je, wajua kwamba kununua swichi ya bei kubwa kunaweza kuzifanya mashine zilizokuwa zikiwaka vizuri zigome zote? Hili linahitaji saa ya mkononi. Kanuni za PXE zinasema mashine iombe anwani mara nne, na kila mara isubiri sekunde 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Piga hesabu ya nyakati za kuomba: sekunde ya 0, ya 4, ya 12 na ya 28. Baada ya hapo hakuna ombi jingine, ni kusubiri tu mpaka dakika itimie. Sasa njoo kwenye swichi. Swichi za kitaalamu huendesha itifaki ya STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, ili waya ukiunganishwa kwa mzunguko pakiti zisizunguke milele na kuua mtandao. Poti inapopata uhai, STP kwa kawaida huiweka katika hali ya kusikiliza kwa sekunde 15, halafu katika hali ya kujifunza kwa sekunde 15 nyingine. Ndani ya sekunde hizo 30 taa ya poti inawaka, waya unaonekana mzima, lakini hakuna pakiti ya mashine inayopita.

Ombi la mwisho limetoka sekunde ya 28, na poti imefunguka sekunde ya 30. Sekunde mbili tu, na mashine inaandika PXE-E51. Kwenye seva hakuna hata alama ya ombi, kwa hiyo fundi anahangaika na usanidi wa DHCP ambao hauna kasoro yoyote. Swichi ndogo za bei rahisi hazina STP, ndiyo maana maabara ilikuwa salama kabla ya kuboreshwa.

Kuna jaribio zuri la kuthibitisha hili, nalo halihitaji nywila ya mtu yeyote. Chukua swichi ndogo ya poti tano, ichomeke kati ya kompyuta nyembamba na ile swichi kubwa, subiri dakika moja, kisha washa mashine. Ikiwaka, umepata jibu: sasa swichi kubwa inaona waya usiokatika, kwa hiyo poti yake imeshafunguka zamani. Dawa ya kudumu ni kumwambia msimamizi wa swichi azitangaze poti za maabara kuwa za mwisho, zisizounganishwa na swichi nyingine, hali ambayo Cisco huiita PortFast. Toleo la STP la kasi, lililosanifishwa 2001, lilipunguza ucheleweshaji kati ya swichi na swichi, lakini poti ya kompyuta isipotangazwa kuwa ya mwisho bado husubiri kama zamani.

Ile dakika moja ya uvumilivu wa mashine huleta shida nyingine wanayoijua vizuri wanaoishi na umeme wa kukatika. Umeme ukirudi, kompyuta nyembamba zilizowekwa zijiwashe zenyewe huwa tayari ndani ya sekunde chache. Seva yenye diski kadhaa na huduma nyingi inaweza kuchukua zaidi ya dakika. Mashine zinaomba mara nne, hazijibiwi, zinakata tamaa na kuandika kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Mwalimu anaingia darasani akikuta skrini zote zina ujumbe uleule na seva inafanya kazi vizuri kabisa. Hakuna kilichoharibika. Washa upya, zitawaka.

Je, wajua kwamba seva ya TFTP hujibu kutoka poti tofauti na ile iliyoulizwa? Ombi la kwanza huenda poti 69. Jibu halitoki huko: seva huchagua poti nyingine kwa ajili ya mazungumzo hayo tu, na mengine yote hupita hapo. Fayawoli iliyo njiani, isiyoijua tabia hiyo, huliona jibu kama pakiti ya mtu asiyealikwa na kulitupa. Fundi amefungua poti 69, amehakikisha mara mbili, na bado anaona PXE-E32. Linux ina moduli ya keneli iitwayo nf_conntrack_tftp kwa ajili hiyo hasa. Kazi yake ni kuitambua safari ya kurudi na kuiruhusu.

Je, wajua kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtandao iliyopewa jina kutokana na hadithi ya mwanafunzi wa mchawi? Katika shairi la Goethe la 1797 mwanafunzi anauroga ufagio umchotee maji, kisha hawezi kuusimamisha. TFTP hutuma bloku moja, husubiri ithibitishwe, ndipo hutuma ya pili. Kanuni za awali ziliruhusu kila upande kutuma tena kila unapopokea nakala ya pili ya ujumbe uleule. Kwa hiyo uthibitisho mmoja ukichelewa njiani, bloku inatumwa mara mbili; bloku mbili zinaleta uthibitisho mara mbili; kila uthibitisho unatoa bloku inayofuata; na tangu hapo kila kitu kinakwenda mara mbili mpaka mwisho wa faili. Faili hufika zima, ila mtandao unabeba mzigo maradufu bila mtu kujua. Waraka wa RFC 1123 wa Oktoba 1989 ukakataza: anayetuma bloku asitume tena kwa sababu ya uthibitisho wa kurudiwa.

Tabia hiyo ya kusubiri bado ipo, nayo inaeleza kwa nini TFTP huenda polepole hata kwenye waya wa gigabiti. Bloku ya kawaida ni baiti 512. Faili la megabaiti 32 ni bloku zaidi ya 65,000, na kama kwenda na kurudi ni milisekunde moja, hiyo ni zaidi ya dakika nzima hata kama waya hauna msongamano wowote. Namba za bloku nazo zina biti 16, kwa hiyo huishia 65,535. Kwa bloku za baiti 512 hapo ndipo megabaiti 32 zinapoishia, na kwenye programu za zamani faili kubwa zaidi ya hapo lilikatika katikati. Tangu 1995 mashine na seva zinaweza kukubaliana bloku kubwa zaidi. Njia bora zaidi ni kutumia TFTP kwa faili dogo tu la kwanza, yaani iPXE, yenye uzito wa chini ya kilobaiti 100 kwa mashine za BIOS, halafu iPXE ikavuta keneli na yaliyobaki kwa HTTP.

Lakini iPXE ina mtego wake. Ikishawaka, nayo huomba anwani upya kwa DHCP. Seva isipotambua kwamba safari hii anayeuliza ni iPXE, inampa jibu lilelile: pakua iPXE. Inapakua, inawaka, inauliza, inaambiwa ipakue tena. Skrini inaonyesha nembo ileile ikijirudia, na hakuna ujumbe wa kosa kwa sababu kila hatua imefaulu. Dawa ni mistari miwili kwenye usanidi wa DHCP: anayejitambulisha kama iPXE apewe menyu, asiyejitambulisha apewe iPXE.

Je, wajua kwamba PXELINUX, kipakiaji cha H. Peter Anvin, hutafuta faili lake la usanidi kwa kuimega anwani ya IP herufi moja moja? Kabla ya hapo hutafuta jina lililoundwa na anwani ya kadi ya mtandao. Kisipolipata, huigeuza IP kuwa namba za msingi wa 16: 192.168.67.20 inakuwa C0A84314. Kisha C0A8431, kisha C0A843, mpaka inabaki C peke yake, na mwisho faili liitwalo default. Anayeona kumbukumbu za TFTP kwa mara ya kwanza hudhani seva imeharibika, maana ni mistari mingi ya faili halipo. Ni utafutaji wa kawaida. Na una faida kubwa: faili liitwalo C0A843 linahudumia mashine zote za mtandao wa 192.168.67, yaani chumba kizima, bila kuzigusa za chumba cha pili.

Je, wajua kwamba mashine mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kuhitaji mafaili tofauti kabisa? Ya BIOS na ya UEFI hazisomi faili moja. Kwenye ombi lake la DHCP mashine hujitaja katika chaguo namba 93: 0 ni BIOS, na UEFI ya biti 64 kwa kawaida hujitaja 7. Seva isiyosoma namba hiyo itaipa UEFI faili la BIOS. Upakuaji utaonekana umefaulu, halafu mashine itarudi kwenye menyu kimya kimya. Dalili hiyohiyo huletwa na Secure Boot, inayokataa faili lisilo na sahihi inayoaminika.

Je, wajua kwamba keneli ya Linux ikishapakuliwa, mambo yote ya mtandao huanza upya? Kadi iliendeshwa na dereva aliyemo kwenye chipu yake. Sasa Linux inaleta dereva wake, waya unakatika na kuunganika, na anwani inaombwa tena. Ndiyo maana mashine inaweza kufaulu vizuri hatua ya kwanza, ikaonyesha maandishi ya keneli yakipita, kisha ikakwama. Kama STP haijarekebishwa, zile sekunde 30 zinahesabiwa tena. Kama initrd, mfumo mdogo unaopakuliwa pamoja na keneli, haina dereva wa kadi hiyo, hakuna ombi litakalotoka kabisa, na tcpdump itaonyesha ukimya baada ya keneli kupakuliwa. Ukimya huo ni ushahidi sawa na ujumbe wowote.

Huko nyuma mambo yalikuwa magumu zaidi. Jim McQuillan alipoanzisha LTSP huko Michigan mwaka 1999, kadi nyingi hazikuwa na PXE. Watu walichoma programu ya Etherboot kwenye chipu na kuichomeka kwenye kadi, au waliwasha kila mashine kwa disketi. Norway walianzisha Skolelinux 2001, ambayo leo ni Debian Edu, na Oktoba 2005 Edubuntu ya kwanza ilitoka ikiwa na LTSP ndani. LTSP yenyewe iliandikwa upya 2019, kazi iliyoongozwa na Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, kwa ajili ya shule. Na Cambridge, Uingereza, Quentin Stafford-Fraser, mmoja wa walioweka kamera ya kuangalia birika la kahawa ambayo inahesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya wavuti, alianzisha mradi wa kompyuta nafuu za kushirikiana seva moja akauita Ndiyo, kwa Kiswahili hasa.

Je, wajua kwamba katika LTSP hiyo mpya mwanafunzi aliyesajiliwa kwenye seva asubuhi anaweza kukataliwa na kompyuta zote saa nne? Habari za akaunti hufungwa ndani ya faili dogo liitwalo ltsp.img, ambalo mashine hulichukua wakati wa kuwaka. Ukiongeza mtumiaji, endesha amri ya ltsp initrd, kisha washa mashine upya. Inachukua sekunde chache. Vivyo hivyo kwa programu: ukiiweka kwenye seva bila kuunda upya taswira ya mfumo kwa ltsp image, seva itakuwa nayo na darasa halitaiona.

Na je, wajua kwamba mashine iliyozimwa inaweza kuamshwa na pakiti ya baiti 102? Ni baiti sita zenye thamani ya 255, zikifuatwa na anwani ya kadi iliyorudiwa mara 16. Hutumwa kwa wote, kwa kuwa mashine iliyolala haina IP. Kwa pakiti hiyo lile tatizo la umeme kurudi lina ufumbuzi: zuia mashine zisijiwashe zenyewe, kisha seva ikishakuwa tayari iziamshe chache chache, ili zisiivamie TFTP zote kwa wakati mmoja. Jaribu kwanza kwa mashine moja, na uijaribu kwa kuchomoa waya wa umeme wenyewe, si kwa kubonyeza kitufe. Ziko kompyuta ambazo umeme ukikatika kabisa hazisikii pakiti hiyo mpaka ziwashwe kwa mkono mara moja. Ukichomeka tena, tazama taa ya kadi ya mtandao kabla hujawasha: kama haiwaki, yaelekea kadi haipati umeme, na hapo rudi kwenye BIOS uangalie mipangilio ya kuokoa nishati kabla ya kugusa chochote kwenye seva.